Kisu cha kukunja: kukisafisha, kukinoa mwenyewe, na waranti unayoweza kuidai ukiwa Mwanza

Meza yangu iko kibarazani, si mbali na soko la Mlango Mmoja. Hazipiti siku mbili bila mtu kunikunjulia kisu mbele ya uso na kuniuliza moja kati ya maswali matatu. "Fundi, mbona hakikati?" "Fundi, mbona kinacheza?" La tatu ni la wale walionunua kwa bei: "Hiki kina waranti ya maisha, sasa nikipeleke wapi?" Nimeyajibu mpaka mdomo umechoka, kwa hiyo leo naandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

La tatu nalijibu hapahapa ili usisome mpaka chini kwa matumaini ya bure. Waranti ya maisha hufidia kosa la kiwandani: chuma chenye ufa, springi iliyovunjika bila sababu, loki isiyoshika tangu ulipofungua boksi. Makali kuisha si kosa la mtu, ni kisu kufanya kazi yake. Zipo kampuni zinazonoa visu vyao, na nitazitaja, lakini ziko ng'ambo, na nauli ya kifurushi kwenda na kurudi inaweza kutosha kununua kisu kingine. Kunoa ni kazi yako wewe.

Kwanza jua umeshika kisu gani

Pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, visu vingi vya kukunja utakavyoviona ni Okapi au kopi zake: mpini wa mbao wenye nyota na mwezi, pete ya chuma mgongoni, na ule mlio wa tra-tra-tra ukikifungua. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, makusudi kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na sisi tulikuwa mojawapo. Siku hizi vinatoka Afrika Kusini. Bapa lake ni chuma cha kaboni, kinanoleka upesi na kushika kutu upesi vilevile.

Wengine huniletea Opinel ya Ufaransa yenye mpini wa mbao na ile pete ya kuzungusha shingoni, au Victorinox ya Uswisi waliyoachiwa na mgeni. Wachache wana Buck 110, kisu kizito cha Marekani ambacho kimekuwepo tangu 1964, loki yake iko mgongoni mwa mpini. Halafu kuna hivi vya kisasa vyenye skrubu na kibati ndani ya mpini kinachosukumwa kwa dole gumba.

Jiulize mambo mawili tu. Bapa ni la kaboni au la chuma kisichoshika kutu? (Opinel huandika "Inox" kwenye bapa lisiloshika kutu.) Na kisu kimefungwa kwa skrubu au kwa ribiti? Okapi, Opinel na Victorinox ni ribiti, kwa hiyo usihangaike kutafuta pa kufungulia.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Kinoo cha pande mbili, upande wenye punje kubwa na upande laini. Ukikosa, nenda duka la rangi za magari, nunua msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000, na utafute kipande cha kioo kinene cha kuulazia.
- Maka peni, rangi yoyote.
- Mswaki mkuukuu, sabuni ya maji, maji ya moto, vijiti vya meno.
- Mafuta ya cherehani. Kichupa kimoja kitakukalia miaka.
- Bisibisi ndogo, kama kisu kina skrubu. Nyingi za visu vya kisasa ni zile zenye tundu la nyota, na seti yake utaiona kwa mafundi simu.
- Mkanda wa ngozi uliochoka. Ngozi kweli, si plastiki.
- Kitambaa, na gazeti la jana.

Jiwe la nyuma ya nyumba halimo. Najua jiji letu ni la miamba, na najua babu alinoa panga juu ya jabali na likakata. Panga ni panga. Granaiti yetu ina punje ngumu na laini zilizochanganyika, na juu haiko sawa, kwa hiyo inachimba vijino kwenye makali membamba ya kisu cha mfukoni. Nimeshapoteza saa nzima nikiondoa vijino vilivyowekwa na jabali la Bugando kwa dakika tano.

Hatua kwa hatua

1. Kikague. Kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja, kwa mwingine bana mgongo wa bapa na ulisukume kushoto na kulia. Likicheza kidogo sana usijali. Likigonga "tak-tak" kuna kazi. Kisha ijaribu loki: egemeza mgongo wa bapa kwenye ubao na ukandamize polepole, huku vidole vyako vyote vikiwa nje ya njia ambayo bapa lingepita likijifunga. Ikiachia, usikitumie wala usikinoe kabla hujapita hatua ya 2. Mwisho, elekeza makali kwenye mwanga wa dirisha. Makali yaliyo mema hayaonekani. Ukiona mstari au nukta zinameremeta, hapo ndipo butu.

2. Kioshe, tena kwa bidii. Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayomaliza nusu ya malalamiko. Kisu cha kukunja hakifi kwa kukata. Kinakufa kwa uchafu ulioingia kwenye maungio: mchanga wa ufukweni, magamba ya sato, utelezi wa samaki uliokauka, nyuzi za mfukoni.

Kuna mama anauza kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, alinijia na Okapi ambayo pete yake ilikuwa haishiki tena.
"Baba, pete imekufa. Niuzie kisu kingine."
"Ngoja kwanza, mama."
Nikachomeka kijiti cha meno kwenye tundu la loki. Kilitoka na kipande cheupe, kigumu kama saruji: chumvi na magamba, tabaka juu ya tabaka. Nikachovya sehemu hiyo kwenye maji ya moto yenye sabuni, nikasugua, nikachokoa, nikarudia mara tatu. Tra-tra-tra. Mama akakichukua, akakifungua na kukifunga, akanitazama. "Kumbe ningenunua kisu kwa sababu ya magamba."

Fanya hivyohivyo. Fungua na funga kisu ndani ya maji ya moto yenye sabuni, sugua maungio kwa mswaki, chokoa mfereji wa mpini kwa kijiti, suuza. Mpini wa mbao usiuloweke: chovya sehemu ya chuma tu, kwa muda mfupi, kisha ufute. Kausha kwa kitambaa, kiache wazi kivulini mpaka ndani pakauke. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi kama ya pwani, lakini ukikatia kayabo, au ndimu, ni sawa na kukizamisha baharini. Osha siku hiyohiyo.

3. Tone moja la mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, pale bapa linapozungukia, fungua na funga mara ishirini, futa yanayotoka. Tone la pili huita vumbi. Mafuta ya kula usiyatie humo, yawe ya alizeti au ya pamba: baada ya wiki chache yanageuka gundi, na utaniletea ukidhani springi imechoka. Kwenye bapa la kaboni pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo kama kisu kitakaa bila kazi, na ukioshe kwa sabuni kabla ya kukatia chakula.

4. Kaza, kama kuna cha kukaza. Skrubu ya ekseli izungushwe kidogo sana, robo ya robo ya mzunguko, kisha jaribu. Unatafuta pale ambapo bapa halichezi na bado linafunguka bila kupigana nawe. Kama skrubu inalegea kila wiki, itoe, ifute mafuta, ipake tone dogo la rangi ya kucha kwenye hesi, irudishe, iache ikauke usiku mmoja. Dada wa saluni jirani ndiye aliyenipa hiyo rangi. Ameacha kuuliza naifanyia nini.

Hapa ndipo pa kusimama kama kisu chako ni cha bei na waranti yake bado unaitegemea. Kukaza skrubu ya ekseli ni kitu kimoja. Kukifungua chote vipande vipande ni kingine, na zipo kampuni zinazokihesabu kisu kilichofunguliwa kuwa kimeharibiwa na mwenyewe. Soma karatasi yake kabla ya kugusa skrubu ya pili.

5. Pata pembe. Kwa kisu cha kazi, nyuzi 20 kila upande zinatosha. Huna kipimo? Chukua kona ya karatasi: ni nyuzi 90. Ikunje katikati, 45. Ikunje tena, ni 22 na ushee. Isimamishe hiyo pembe kando ya kinoo, laza kisu kiifuate. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, mgongo unainuka milimita 7 hivi kutoka juu ya jiwe. Sasa paka maka peni kwenye makali pande zote mbili. Ni ujanja rahisi kuliko wote na ndio unaotofautisha anayenoa na anayekwaruza.

6. Upande wa kwanza, jiwe lenye punje kubwa. Lowesha kinoo kwa maji. Laza bapa kwenye pembe yako, sukuma makali mbele kana kwamba unataka kulichuna jiwe ngozi nyembamba ya juu, kutoka kwenye kitako cha bapa mpaka kwenye ncha. Ukifika kwenye ncha inua kiwiko kidogo, la sivyo ncha itaviringika. Pita mara tano, tazama wino. Umefutika juu tu, kwenye bega? Umelaza sana, inua mgongo. Umefutika kwenye ukingo kabisa tu? Umeinua mno. Unatakiwa ufutike wote kwa pamoja.

Ukitumia msasa juu ya kioo, usisukume makali mbele, utauchana. Vuta tu, mgongo ukitangulia.

Endelea upande huohuo mpaka utokee uzi wa chuma upande wa pili. Namna ya kuujua: telezesha dole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kufuata urefu wa makali. Utasikia kitu kinanasa ngozi, kama ukingo wa kopo lililofunguliwa vibaya. Uzi huo ukisikika kuanzia mwanzo mpaka ncha, upande wa kwanza umekwisha. Usiposikika, hujamaliza, hata kama mkono umechoka. Tisa katika kumi ya wanaoniambia "nimekinoa na hakikati" waliacha kabla ya uzi.

7. Upande wa pili, kisha jiwe laini. Geuza, rudia mpaka uzi uhamie upande wa kwanza. Hamia jiwe laini, mara kumi kila upande, halafu mara moja moja kwa kupokezana, ukipunguza nguvu ya mkono mpaka uzito wa kisu wenyewe ndio unaofanya kazi.

8. Ondoa uzi kwa mkanda. Funga mkanda wa ngozi kwenye kitasa cha mlango, uvute ukaze, pitisha kisu mgongo ukitangulia, mara kumi na tano kila upande. Ukiuacha uzi, kisu kitakata karatasi leo na kesho asubuhi kitakuwa butu, kwa kuwa kilichokuwa kinakata ni uzi na umeshajikunja.

9. Jaribu, osha tena. Kata gazeti ukiwa umelishika juu hewani. Likichanika mahali fulani, mahali hapo kwenye bapa ndipo palipobaki. Nyanya iliyoiva ni kipimo bora zaidi: kisu kiingie kwenye ganda bila wewe kukandamiza. Halafu kioshe, kwa sababu tope la kinoo limeshaingia kwenye maungio uliyoyasafisha.

Makosa yanayoua kisu

Gurudumu kavu. Wale wenye baiskeli ya kunolea wanaopita mitaani wana kazi yao, na kwa jembe na panga siwasemi. Kisu chembamba kikiguswa na jiwe linalozunguka bila maji, ncha inapata moto kabla hujatoa macho. Ikigeuka rangi ya bluu, ugumu umeshaondoka mahali hapo na haurudi kwa kunoa. Mwaka wangu wa kwanza kwenye meza hii niliichoma ncha ya kisu cha mteja kwa grainda, nikaing'arisha bluu ikafutika, nikampa. Alirudi siku ya tatu na ncha imejikunja kama ukucha. Nilimlipa.

Kubanua. Kufungua kopo la rangi, kung'oa msumari, kuchomoa tairi la baiskeli. Bapa la kisu limetengenezwa gumu ili likate, na kitu kigumu hakipindi, kinakatika. Bisibisi ipo.

Kukatia juu ya sahani, kioo au sakafu. Unanoa saa nzima, unaharibu kwa kitunguu kimoja.

Waranti: ikiwa kweli ni kosa la kiwandani

Victorinox inadhamini visu vyake bila kikomo cha muda kwa makosa ya chuma na ya utengenezaji. Leatherman, wa zile koleo za kukunja zenye visu, wanatoa miaka 25. Buck wana waranti ya maisha. Benchmade wana huduma ya kusafisha, kutia mafuta na kukinoa kisu upya, na Kershaw nao hunoa visu vyao. Hao wote wawili wako jimbo la Oregon, Marekani. Kote huko uchakavu wa kawaida na matumizi mabaya havifidiwi. Ncha iliyokatika kwenye kopo la rangi wanaitambua kwa kuitazama tu.

Ukiamua kudai, nenda hivi:

1. Hakikisha si kopi. Kopi haina mwenyewe. Herufi zilizochongwa kombokombo na bei ya kutupa ni dalili za kutosha.
2. Tafuta risiti. Baadhi ya waranti humtambua mnunuzi wa kwanza tu, kwa hiyo kisu cha mtumba au cha zawadi kinaweza kukwamia hapo.
3. Piga picha tatu: kisu kizima, nembo, na mahali penye tatizo kwa karibu.
4. Waandikie kwanza kupitia tovuti yao, kwa Kiingereza kifupi: kisu gani, ulinunua lini na wapi, tatizo nini. Usitume chochote kabla hawajajibu. Wakati mwingine hujibu kwamba picha zinatosha, au hukuelekeza kwa wakala aliye karibu zaidi.
5. Piga hesabu ya nauli kwenda na kurudi, ulinganishe na bei ya kisu kipya. Kisu cha bei ya chini ya nauli hiyo, samehe.
6. Kikifaa kutumwa, kioshe, kifunge, kizungushie utepe kisijifungue, kiweke kwenye boksi gumu pamoja na nakala ya barua. Dirishani posta sema wazi kuwa ni kisu, uulize kama kinapokelewa kwenda nchi hiyo. Waombe kampuni, kitakaporudi, waandike nje kuwa ni mali iliyotoka matengenezoni.

Njia ninayoiona ikifanya kazi zaidi ni mtu. Una shemeji anayesafiri? Mpe, mradi akiweke kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Kwenye begi la mkononi kitaishia kwenye ndoo ya ukaguzi pale uwanjani, na hapo hakuna waranti.

Bado kuna tatizo?

*Kimenolewa lakini baada ya siku moja ni butu.* Uzi ulibaki. Rudi hatua ya 8. Ikiendelea hivyohivyo na ulishawahi kukipeleka kwenye grainda, ukingo ulichomwa. Noa mpaka uvuke chuma kilichoungua, inaweza kuchukua siku kadhaa za kunoa.

*Bapa limekuwa kijivu cheusi.* Pitisha kidole. Kidole kikitoka safi, hiyo ni rangi ya uzee wa kaboni, iache, inasaidia kuzuia kutu. Kidole kikitoka na wekundu wa kahawia, ni kutu: msasa namba 2000 na tone la mafuta, taratibu.

*Ribiti imelegea.* Weka kichwa kimoja cha ribiti juu ya chuma kizito, gonga cha pili kwa nyundo ndogo, pigo jepesi moja moja, ukijaribu kila baada ya pigo. Ukizidisha, bapa halifunguki tena, na kulegeza ribiti ni kazi nyingine kabisa.

*Loki inaachia hata baada ya kuoshwa.* Kama ni kipya, huyo ndiye mgonjwa wa waranti. Kama ni cha zamani na kibati kimelika, kifanye kisu cha mezani kisichotegemea loki, au kiage.

*Opinel imeanguka ziwani na sasa haifunguki.* Mbao imevimba ikalibana bapa. Usilivute kwa koleo. Hakikisha pete haijafunga, shika mpini, gonga kitako chake kwenye ubao mgumu, na ncha itachungulia kiasi cha kushikika. Ukishalifungua, liache wazi kivulini siku mbili tatu, mbao irudi yenyewe. Juani mpini utapasuka.